LAVOISIER, MTU WA MIZANI



Muhula uliopita, siku ya kuosha vyombo, wenzetu wawili wa internat walibishana sana juu ya sufuria kubwa ya kuchemshia maji. Ndani yake, chini na pembeni, ilishika ganda jeupe, gumu kama chokaa. Mmoja alisema kwamba maji yakichemka siku nyingi yanageuka udongo, na ushuhuda ndio huo. Mwingine alikataa kabisa, akasema ile chokaa ilikuwa tayari ndani ya maji tangu kule yalikotoka. Mabishano yalifika hata kilasini. Profesa wa shimi hakutoa jibu. Aliandika jina moja tu kwa tablo, akaendelea na somo lake.

Jina lenyewe ni Lavoisier. Sisi sote tunalijua, maana tunakariri sheria yake kila mwaka mbele ya interogasyo. Lakini mtu mwenyewe hatukumjua. Basi sisi wa kamati ya gazeti tulitafuta habari zake, na tunawaletea hapa.

Antoine-Laurent Lavoisier alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria, mtu mwenye mali. Mama yake alikufa mtoto akiwa na miaka kama 5, na aliyemlea ni dada ya mama yake, ambaye hakuolewa. Kwetu angeitwa mama tu, hapana neno lingine. Baba alitaka kijana afuate kazi ya sheria. Kijana alitii, akasoma sheria, na mwaka 1764 akapata ruhusa ya kusimama mbele ya mahakama. Lakini wakati uleule alikuwa akienda kusikiliza masomo ya shimi ya bwana Rouelle, aliyefundisha mbele ya watu wengi na kufanya majaribio machoni pao. Moyo wake ulibaki huko.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa juu ya jiwe la jasi. Ndilo jiwe linalotoa ule unga mweupe ambao waganga wa hospitali wanautumia kufunga mguu uliovunjika. Ukilichoma jiwe hili, linakuwa unga. Ukiutia unga maji, unakuwa mgumu tena kama jiwe. Juu ya nini? Lavoisier alilichoma jiwe polepole, akaukamata mvuke uliotoka, akakuta ni maji matupu. Akayapima. Karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa jiwe lile kavu ilikuwa maji! Na unga ukinyweshwa maji, unayarudisha yaleyale uliyopoteza. Mwaka ulikuwa 1765, naye hajatimiza miaka 22. Wengine mbele yake walilitazama jiwe, wakalionja, wakalieleza rangi yake. Yeye alilitia kwa mizani.

Mwaka 1768 aliingia katika Akademi ya Sayansi ya Paris. Hapo ndipo alipoanza kushughulika na swali la sufuria yetu.

Inafaa tujue kwamba wakati ule wataalamu wengi sana walisadiki kwamba maji yanaweza kugeuka udongo. Si wajinga waliosadiki hivyo. Zaidi ya miaka 100 mbele yake, mganga mmoja wa Brussels, jina lake Van Helmont, alipanda mti mdogo ndani ya udongo wa ratli 200 uliokaushwa. Miaka 5 aliunywesha maji tu. Mwisho mti ulizidi kwa ratli 164, na udongo ulipungua kidogo sana. Basi alikata shauri kwamba ule mti wote, mbao na mizizi na maganda, ni maji yaliyogeuka. Alipima vizuri kweli, lakini hewa hakuipima. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya mti inatoka katika gazi ya kaboni iliyo hewani. Vilevile, kila mtu aliyechemsha maji katika chombo cha kioo mpaka yakauke aliona vumbi jeupe limebaki. Walisema, huo ndio udongo uliozaliwa na maji.

Lavoisier alitwaa chombo cha kioo cha namna ya pekee. Shingo yake ina mikono miwili inayorudi chini tumboni, hata mvuke ukipanda unapoa, unakuwa maji, unashuka tena. Kwa umbo lake kiliitwa mwari, kama yule ndege wa ziwani. Alikipima kikiwa kitupu. Alikipima na maji ndani yake, maji safi sana aliyoyageuza mvuke na kuyakusanya mara nyingi. Akakiziba, akakiweka juu ya moto mdogo tarehe 24 Oktoba 1768. Moto haukuzimwa mpaka tarehe 1 Februari 1769. Siku 101! Sisi tukingoja wali dakika 40 tunalalamika.

Baada ya siku nyingi vijiganda vidogo vilianza kuogelea ndani ya maji. Kumbe wazee walisema kweli? Mtu mwingine angeandika barua papo hapo. Lavoisier alipoa kwanza, akakipima chombo chote bila kukifungua. Uzito ni uleule, basi hakuna kitu kilichoingia kutoka nje, hata ule moto haukuongeza kitu. Akafungua, akamwaga maji, akakausha kioo, akakipima peke yake. Kioo kilikuwa kimepungua! Akakusanya vile vijiganda, akayakausha maji apate na kile kilichoyeyuka ndani, akapima vyote pamoja. Jumla ilikuwa kama gramu moja, na upungufu wa kioo ulikuwa karibu uleule, tofauti kidogo tu. Ule udongo haukuzaliwa na maji. Uliliwa kutoka katika kioo.

Na maji je? Siku 101 yalipanda mvuke na kushuka maji, yakapanda na kushuka, na mwisho yalikuwa maji yaleyale. Kitu kilibadili sura, lakini hakikubadili asili. Ndiyo sababu kilasini tunasema kwamba kuchemka ni badiliko la fizikia, si la shimi. Barafu, maji, mvuke: kitu kimoja kwa nguo tatu.

Sasa ile sufuria ya internat. Aliyesema chokaa ilikuwa tayari ndani ya maji alishinda, lakini asijisifu sana. Maji ya chemchemi yakipita katika mawe ya chokaa yanaiyeyusha kwa msaada wa gazi ya kaboni. Moto ukiifukuza ile gazi, chokaa inaanguka na kushika chuma. Kwa hiyo katika sufuria moja kuna mambo mawili: maji yanayogeuka mvuke, hilo la fizikia; na chokaa inayotengana na gazi, hilo la shimi. Mwalimu akiwauliza, msijibu kwa neno moja tu.

Mwaka uleule wa 1768 Lavoisier alifanya jambo lingine, na tunaliandika hapa kwa sababu mwisho lilimwua. Alinunua fungu katika Ferme générale. Hii ilikuwa kampuni ya matajiri walioikopesha serikali ya mfalme fedha na kupewa haki ya kutoza watu kodi ya chumvi, ya tumbako na ya bidhaa nyingine. Walichotoza zaidi kilikuwa chao. Watu wadogo waliichukia mno. Sisi hatupendi kumfanya Lavoisier malaika: vioo vyake, mizani zake, makala aliyochoma usiku na mchana, sehemu kubwa vililipwa kwa faida ya kodi ile. Mkubwa mmoja wa kampuni, bwana Paulze, alikuwa na binti, Marie-Anne. Lavoisier alimwoa mwezi wa Desemba 1771. Bwana arusi alikuwa na miaka 28, bibi arusi 13. Kwa macho ya leo ni vibaya kabisa, hata kama desturi ya matajiri wa wakati ule iliruhusu. Lakini Marie-Anne hakukaa jikoni. Alisoma shimi, alijifunza Kiingereza ambacho mume wake hakukijua, akamfasiria vitabu vya wataalamu wa Uingereza, akaandika hesabu za majaribio, na akachora kwa mkono wake picha zote za vyombo katika kitabu kikubwa cha mumewe.

Baada ya maji, Lavoisier aligeukia moto.

Wakati ule kila profesa wa Ulaya alifundisha kwamba kila kitu kinachowaka kina ndani yake kitu kimoja kinachoitwa flojistoni. Kuni zikiwaka, flojistoni inatoka, majivu yanabaki. Metali ikichomwa mpaka iwe unga, vilevile imepoteza flojistoni. Maelezo yalikuwa mazuri, ila jambo moja liliwasumbua: ule unga wa metali ni mzito kuliko metali yenyewe. Inawezekana namna gani kitu kipoteze na kiongezeke? Wengine walifika hata kusema kwamba flojistoni ina uzito wa kinyume. Kwa kweli, mtu akipenda sana wazo lake hashindwi kulitafutia fimbo ya kutembelea.

Mwaka 1772 Lavoisier na wenzake walichoma almasi. Ndiyo, almasi, kama zile za Mbuji-Mayi. Ilijulikana kwamba almasi ikitiwa moto mkali sana inapotea. Lakini inapotea namna gani? Je, inageuka mvuke kama maji, yaani badiliko la fizikia? Ama inaungua kama kuni, yaani badiliko la shimi? Sonara mmoja alizishindilia almasi zake ndani ya unga wa makala, akazifunika vizuri hewa isifike, zikatiwa motoni saa nyingi. Zilitoka salama. Kama ni kugeuka mvuke tu, moto peke yake ungetosha. Kumbe ilihitaji hewa! Baadaye Lavoisier alichoma almasi ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa, kwa mwanga wa jua uliokusanywa na lenzi kubwa, na hewa iliyobaki ilifanya maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa, sawasawa na hewa ya makala iliyowaka. Mwaka 1797 Mwingereza Tennant alionyesha kwa kupima kwamba almasi na makala ni kitu kimoja, kaboni. Mama anayeuza makala sokoni na mchimbaji wa Kasai wanauza kaboni wote wawili, ila bei si moja.

Mwaka uleule alichoma fosfori na kiberiti, akaona vyote vinaongezeka uzito. Tarehe 1 Novemba aliandika jambo hili katika barua, akaitia muhuri, akaipa Akademi iitunze, ili mtu asije kusema kesho kwamba yeye ndiye wa kwanza.

Mwaka 1774 alitia bati ndani ya chombo cha kioo, akakiziba, akakichoma. Sehemu ya bati ikawa unga. Alipima chombo kizima: uzito haukuongezeka hata kidogo. Basi moto haukuleta kitu. Alipovunja ncha ya chombo, hewa ya nje iliingia kwa sauti, fyuu! Akapima tena. Uzito ulizidi, na kiasi kilichozidi kilikuwa kilekile kilichoongezeka katika bati. Hewa ndiyo iliyoliwa. Lakini ni hewa yote, ama sehemu yake tu?

Hapo lazima tuwe wa haki. Mwezi wa Oktoba 1774 Mwingereza Joseph Priestley alifika Paris, akala mezani kwa Lavoisier, akasimulia kwamba amechoma ule unga mwekundu wa zebaki na kupata hewa ambayo mshumaa unawaka ndani yake kwa nguvu ya ajabu. Mswidi Scheele alikuwa ameipata vilevile. Lavoisier aliendeleza jambo hilo, lakini katika maandiko yake hakuwashukuru wenzake kama ilivyofaa. Ni doa katika jina lake. Ila yeye ndiye aliyeelewa wamepata nini, maana Priestley mpaka kufa alibaki na flojistoni yake.

Jaribio lake la zebaki ndilo tunalolipenda kuliko mengine. Alichoma zebaki siku 12 ndani ya hewa iliyofungwa. Juu yake palitokea vijiganda vyekundu, na hewa ilipungua kutoka inchi za ujazo 50 mpaka 42 au 43. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa na kuua panya. Kisha alivitwaa vile vyekundu peke yake, akavichoma kwa moto mkali zaidi: zebaki ilirudi inang'aa, na hewa ya inchi 7 au 8 ilitoka. Akaichanganya na ile mbovu, ikawa hewa ya kawaida tena. Hesabu ilifungika kama buku la mhasibu. Ile hewa nzuri aliipa jina oksijeni.

Tazameni basi tofauti. Zebaki ikipata moto na kuwa mvuke, ikipoa inakuwa zebaki, haihitaji mtu wa pili. Lakini zebaki ikiwa unga mwekundu, imeoana na oksijeni. Si zebaki tena, si oksijeni tena, ni kitu kipya chenye rangi na tabia yake. Wengine kilasini wanasema badiliko la fizikia linarudi nyuma na la shimi halirudi. Si kweli sana. Hii zebaki ilirudi. Na kipande cha kioo ukikivunja hakirudi, walakini ni kioo tu. Swali si kama kinarudi. Swali ni kama bado ni kitu kilekile.

Jambo la kushangaza lilifuata mwaka 1783. Yale maji ambayo siku 101 hazikuyageuza, Lavoisier pamoja na rafiki yake Laplace waliyafanya kwa kuchoma gazi mbili, hidrojeni na oksijeni. Mwingereza Cavendish alikuwa ametangulia kuona umande wa namna hiyo. Mwezi wa Februari 1785, mbele ya wageni wengi, Lavoisier alipitisha mvuke wa maji ndani ya bomba la bunduki lililokuwa jekundu kwa moto. Oksijeni ilishikana na chuma kwa ndani, ikafanya ganda jeusi, na hidrojeni ikatoka upande wa pili. Kwa hiyo maji yaleyale yanaweza mambo mawili. Yachemshe: yanabaki maji. Yapitishe juu ya chuma chekundu: yanavunjika.

Mwaka 1787 yeye na wenzake watatu waliyapa madawa ya shimi majina mapya, na mengi ndiyo tunayoyatumia mpaka leo. Mwaka 1789 alitoa kitabu chake kikubwa cha kufundishia shimi. Ile sheria tunayoikariri, kwamba katika mabadiliko yote kitu hakipungui wala hakizidi, imo ndani yake. Mnajua iko katika sura gani? Katika sura ya maji ya zabibu yanayogeuka divai! Walimu wetu hawakutuambia, na tunafahamu sababu. Alipima sukari iliyoingia, akapima pombe na gazi zilizotoka, akasema lazima pande zote mbili za hesabu zilingane. Kila mara tunaposawazisha mlingano kwa tablo, ndiyo kazi hiyo.

Makosa alikuwa nayo. Alihesabu joto kama kitu, akaliandika pamoja na oksijeni na dhahabu katika orodha ya vitu 33 visivyogawanyika. Vilevile alifikiri kila asidi ina oksijeni, na jina lenyewe la Kigiriki ndiyo maana yake. Si hivyo.

Mwaka huo wa 1789 ndipo mapinduzi ya Ufaransa yalianza. Lavoisier hakuyapinga mwanzoni. Alisaidia hata katika kazi ya kuweka vipimo vipya, vile vya mita. Lakini watu walikumbuka kodi. Walikumbuka ukuta ambao kampuni iliujenga kuzunguka Paris ili bidhaa zisiingie bila kulipa. Walisema unawazuilia hata hewa. Marat, mkubwa mmoja wa mapinduzi, alikuwa zamani ameleta Akademi maandiko yake juu ya moto, na Lavoisier hakuyasifu. Marat alimshambulia vikali katika gazeti lake. Mwezi wa Agosti 1793 Akademi ilifungwa. Mwezi wa Novemba ilitoka amri ya kuwakamata watoza kodi wote. Lavoisier alijificha siku chache, kisha akaenda mwenyewe kujitoa, pamoja na baba mkwe wake.

Walihukumiwa tarehe 8 Mei 1794. Kati ya mashitaka lilikuwamo hili, kwamba kampuni ilitia maji katika tumbako ili izidi uzito wakati wa kuiuza. Mtu ambaye maisha yake yote alitafuta uzito wa kweli wa kila kitu alishitakiwa juu ya mizani. Siku ileile watu 28 wa kampuni walipelekwa kwa gilotini. Baba mkwe alitangulia, Lavoisier akamfuata. Alikuwa na miaka 50. Watu husimulia kwamba hakimu alisema jamhuri haina haja ya wataalamu, lakini neno hilo halikuandikwa katika maandiko ya hukumu, na wanahistoria hawalisadiki.

Marie-Anne alipoteza siku moja mume na baba. Naye alifungwa kwa muda, na mali yote ilitwaliwa. Ilipofika 1795 serikali ilianza kumrudishia, vyombo na vitabu pamoja. Alikusanya maandiko ya mwisho ya mume wake, akayachapa kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1805 aliolewa na mtaalamu mwingine, bwana Rumford, lakini hawakupatana, wakaachana. Jina la Lavoisier hakuliacha. Alikufa mwaka 1836. Zile mizani bado ziko Paris, katika nyumba ya makumbusho ya Arts et Métiers, nyuma ya kioo.